Ndiyo, Niliweka Kitu Ndani ya Ile Gari

Wanaume wa uwanja wa Mapendo wanapenda kusema kwamba marehemu mume wangu alikuwa na mikono. Wanalisema mbele yangu, kwa sauti ya chini, kama watu wanaonipa pole. Mikono alikuwa nayo, sikatai, mikono ya kushika telekomande. Lakini jinsi ile gari ilivyokaa chini, jinsi ilivyokata kona bila kuinua gurudumu hata moja, hiyo ilikuwa mikono mingine. Nimechoka kulisema hili kwa mdomo, sasa naliandika.

Nikisema gari, msifikirie kamyo, lile lori kubwa. Ni gari ndogo, urefu wake ni kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Inakimbia kwa betri, na mtu anaiongoza kwa telekomande akiwa amesimama mbali. Hata hivyo ina mambo yote ya gari kubwa: ina shasi, ina usukani, na kwenye kila gurudumu ina amortisere, yaani kibomba kidogo chenye mafuta ndani na resori, ile springi, kwa nje. Imeundwa kukimbia kwenye lami laini, tumbo likiwa karibu kugusa barabara. Mume wangu aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anauza vitu vya nyumba kabla ya kurudi kwao. Alitoka hapa kwenda kuangalia friji, akarudi na gari ya kuchezea. Nilinuna siku tatu.

Yeye alikuwa shofere wa kamyo, njia ya Rutshuru. Mimi ni fundi wa nguo, nina machini mbili na meza ya kukatia mbele ya nyumba yangu, mtaa wa Katoyi hapa Goma. Nilizaliwa Butembo, yeye watu wake ni wa Kalengera, na tangu siku ya kwanza ndugu zake waliniona kama mwanamke mwenye mdomo. Hawakukosea.

Uwanja wenyewe ni sakafu ya saruji ya depo ambayo mwenye nayo hakuimaliza. Kuta hazikuinuka, sakafu ikabaki. Jumapili baada ya misa wanaume kama kumi wanakutana pale, wanafagia vumbi nyeusi ya volkeno, wanapanga vipande vya mabomba ya maji kuonyesha njia, kisha wanashindana. Kwa macho sakafu ni nzuri. Kwa gari ndogo ni mateso. Ina mistari mahali saruji ilipomwagwa siku tofauti, na kona moja imevimba kwa sababu chini yake kuna jiwe ambalo waashi walishindwa kulivunja.

Miezi ya kwanza mume wangu alikuwa wa mwisho kila Jumapili. Gari ikifika kwenye ile kona iliruka, ikatua upande, ikazima. Alirudi nyumbani na hasira, akaitupa juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja. Siku moja nikaiondoa, na katika kuiondoa nikaibonyeza kwa kiganja. Nikaibonyeza tena. Mbele palikuwa pagumu, nyuma palilegea, na upande wa kushoto haukuwa sawa na wa kulia.

Fundi wa nguo anaishi kwa kukaza na kulegeza. Uzi wa machini ukiukaza sana, kitambaa kinakunjamana. Ukiulegeza, mshono unaachia mteja akikaa kitini. Mkono unajifunza kujua kabla ya jicho. Nilimwambia mume wangu, "Hii gari imeshonwa vibaya." Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake alipanda kamyo, akaenda zake siku nne, na mimi nikafungua vile vibomba vyote.

Niliharibu kwanza, niseme ukweli. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa yameisha nusu, nikajaza mafuta ya machini. Ni mepesi mno: gari ikawa inarukaruka kama mtoto juu ya kitanda. Nikajaribu mafuta ya uma wa pikipiki, yale ya amortisere za gurudumu la mbele. Mazito mno: gari ikagoma kushuka, ikapita juu ya mistari ya saruji kama ubao. Basi nikayachanganya, kijiko kwa kijiko, nikipima kwa jinsi tone linavyoanguka kutoka kwenye sindano. Baadaye niligundua kwamba mafuta ya machini yanavimbisha vile vimpira vidogo vya ndani, na kila baada ya wiki chache nilikwenda kwa fundi wa saa kuomba vingine. Alidhani vinakwenda kwenye saa.

Resori nilizikunja mwenyewe. Kebo ya breki ya pikipiki ukiichuna ganda lake la plastiki, chini yake kuna waya mgumu uliozungushwa. Niliunyoosha, nikauzungusha upya kwenye chuma cha duara, nikihesabu mizunguko. Mizunguko mingi, resori laini. Michache, ngumu. Kila mbili zinazokwenda pamoja nilizipima kwa kuzibebesha kopo moja la maziwa ya unga, na kama moja ilishuka zaidi ya mwenzake niliitupa. Nilitupa nyingi. Na kila kibomba nilikiandika namba kwa chaki ya nguo, nisichanganye kushoto na kulia.

Kimo cha shasi nilikipima kwa vifungo. Nilikuwa na kioo cha dirisha, kipande kisichopinda, nikaiweka gari juu yake. Mbele, chini ya tumbo, vilipaswa kupita vifungo viwili vya shati vilivyolaliana, bila kukwaruza na bila kuacha nafasi. Nyuma, vifungo viwili na kipande cha kitambaa cha kikwembe. Kisha nikaingiza ncha ya mkasi katikati ya pua ya gari na kuinua polepole: magurudumu yote mawili ya mbele yalipaswa kuachana na kioo kwa wakati mmoja. Likitangulia moja, upande mmoja umekazwa kuliko mwingine, na gari itavuta. Mwisho niliidondosha kutoka kimo cha kiganja. Ikianguka, ikae. Isiruke, wala isilale.

Jumapili iliyofuata mume wangu alikuwa wa tatu. Mwezi mmoja baadaye akawa wa kwanza, na akaendelea kuwa wa kwanza au wa pili kwa miaka sita. Watu walimwuliza, "Muzee, unafanyaka nini na hii amortisere?" Naye akajibu, "Siri ya fundi." Fundi alikuwa nyumbani Katoyi anapiga pasi suruali.

Nilimwuliza mara moja, tukiwa tunakula, kwa nini hasemi. Hakukasirika, hakuwa mtu wa hasira na watu. Alisema tu, "Batanicheka, mama." Nilimpenda, na lilionekana jambo dogo, nikalimeza pamoja na ugali. Mengi nimemsamehe, hilo bado. Na mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa sababu kinywa changu kinajulikana mtaa mzima, na mahali pekee kilipohitajika nilikifunga.

Mwaka jana homa ilimshika njiani, akaletwa nyumbani, na wiki mbili baadaye tukamzika. Kuhusu siku zile sina la kusema kwa karatasi. Nililia mpaka nikawa sisikii tena sauti yangu.

Kwa watu wake, kilio kina siku ya kuondolewa. Familia inakusanyika, watu wanakula, na vitu vya marehemu vinawekwa juu ya mkeka ili ndugu zake wagawane. Tulikutana nyumbani kwa mama mkwe, ambaye vita ilimleta Goma kutoka Kalengera na godoro moja. Waligawana saa, viatu, koti la mvua, sanduku la spana. Koti la harusi, ambalo nililishona mimi kwa mikono yangu, lilikwenda kwa binamu ambaye hata mikono ya koti haimtoshi. Ndiyo desturi, nami nilijua nimeolewa wapi.

Kisha ikafika gari. Mdogo wake, shemeji yangu, akanyoosha mkono. Yeye ni fundi wa resori za kamyo, mtu mwenye mabega, na kila Jumapili alikuwa pale uwanjani akimshangilia kaka yake.

"Hiyo hapana," nikasema. "Hiyo ni yangu."

"Yako namna gani?" akauliza.

"Mimi njo nilikuwa naitengeneza."

Walicheka. Si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, walicheka kama mtu anavyomcheka mgonjwa anayesema maneno ya homa. Baba mkubwa, aliyekuwa anaongoza mgawanyo, aliinua mkono wakanyamaza. Alikuwa mtu wa haki, aliuliza swali la haki.

"Nani aliona?"

Niliangalia. Mume wangu alikuwa chini ya udongo. Binti zangu wawili walikuwa wameona, lakini watoto hawasemi pale. Karibu na mlango walikaa watu wawili wa uwanja waliokuja kutupa mkono wa pole, mmoja wao yule muzee anayeuza vipuri vya pikipiki, ambaye ndiye anashika saa ya kupima mbio. Waliangalia sahani zao. Nikajiambia, hawajui, wangejua vipi.

"Basi hakuna ushahidi," baba mkubwa akasema. "Na hii ni kitu ya wanaume." Gari na telekomande yake vikaenda kwa shemeji.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana hakifanyiki isipokuwa hapa kwetu. Goma mtu akinunua gari, jambo la kwanza, hata kabla ya kuiombea, anaipeleka kwa fundi wa resori iinuliwe. Mawe yetu hayana huruma na tumbo la gari. Kila kitu chenye magurudumu katika mji huu kimeinuliwa na kukazwa, na shemeji yangu ndiye mmoja wa wanaoviinua. Alipoiona gari imelala vile kwa kimo cha vifungo viwili, alimwonea kaka yake huruma, akafikiri resori zimechoka. Akazitoa. Akaweka nyingine fupi, ngumu, na juu yake vipande vya mpira. Gari ikasimama kama mbuzi juu ya mwamba. Ungeweza kupitisha ngumi chini yake.

Jumapili ya kwanza ilipinduka kwenye kona ya kwanza. Na ilipaswa kupinduka: uzito wote uko juu, magurudumu yanashika saruji, mwili unaendelea kwenda mbele. Akaikaza zaidi. Jumapili ya pili ikapinduka mara nne. Ya tatu ikaruka juu ya bomba na kumpiga mtu kwenye mfupa wa mguu. Mtu mwingine angesema, nimekosea kimo. Shemeji yangu, fundi wa resori miaka kumi na mitano, hakuona ni vipi angekosea resori. Akasema kuna kitu ndani ya gari. Akasema mjane ameweka dawa, kwa sababu alinyimwa.

Niliyapata maneno hayo kutoka kwa mteja, nikiwa nimemzungushia futi kiunoni. Alifikiri ninajua. Nilipima upya mara tatu na bado nilikosea ile sketi.

Mjane akishaitwa hivyo, halipiti. Wateja wanakumbuka ghafla kwamba wana fundi mwingine. Watoto wako wanaulizwa mambo shuleni. Na siku hizi za vita, na benki zimefungwa, ndege hazitui, kila mtu ana hofu yake ndani, watu wanatafuta tu mahali pa kuiweka hofu hiyo. Mama mkwe aliniita. Alinishika mikono yote miwili na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, kama uliweka kitu, kitoe. Hatutakuuliza." Afadhali angenipiga.

Nilimjibu kwamba nitakitoa Jumapili, mbele ya watu wote.

Nikaenda na kapu. Nilikuwa nimevaa kikwembe changu kizuri cha misa, sikubadilisha. Wanaume walikuwa wamemaliza kufagia. Waliponiona wakasogeleana, na nikaona shemeji anaishika gari kifuani.

"Mmesema niliweka kitu ndani ya hii gari," nikasema. Sikuwasalimu kwanza, na kwetu hilo ni jambo kubwa. "Ndiyo, niliweka. Leo mutakiona. Shemeji, leta."

Hakuleta. Yule muzee wa saa akamwambia, "Mupe," naye akanipa.

Nilitandika gunia, nikaweka kioo, nikakaa chini. Nilifungua kibomba cha kwanza na kumwaga mafuta kwenye kifuniko. "Muliogopa hii?" nikauliza. "Ni mafuta ya machini ya kushona na mafuta ya pikipiki. Anayetaka kunusa anuse." Mmoja alinusa kweli, akampa mwenzake, kisha nikayarudisha kibombani. Nikatoa vipande vya mpira vya shemeji, nikavipanga kwenye gunia kimoja kimoja. Nikatoa resori zake. Nikachukua zangu kutoka kwenye kapu, maana nyumbani nilibaki na nne, na nikaeleza kila moja ina mizunguko mingapi na kwa nini za nyuma zimezidi. Nilisema kwa hasira, na sikuificha.

Vifungo vilipita mbele. Nyuma, vifungo na kikwembe. Ncha ya mkasi ikainua pua, magurudumu mawili yakaachana na kioo pamoja. Wanaume walikuwa wameinama sasa, wengine wamepiga magoti, wamesahau kwamba wananiogopa. Niliidondosha kutoka kimo cha kiganja. Ikaanguka, ikakaa.

"Nani ataendesha?" shemeji akauliza.

"Aliyeiloga," nikasema, nikachukua telekomande mkononi mwake.

Sikuwa mwendeshaji. Niliwahi kuijaribu tu kwenye uchochoro wa nyumba, kwenda na kurudi. Mzunguko wa kwanza niligonga bomba, na mtu akacheka nyuma yangu. Niliirudisha njiani. Kwenye ile kona iliyovimba niliona kila kitu nilichokijua kwa kiganja tu kwa miaka sita na sikuwahi kukitazama kwa macho: gari iliinama kidogo, resori ya nje ikashuka, ya ndani ikapanda, magurudumu manne yakabaki chini, ikapita. Ikapita tena. Mizunguko kumi na haikupinduka. Saa ya muzee ilisema nimechelewa sekonde mbili nyuma ya mume wangu siku zake nzuri. Sikujali sekonde. Nilikuwa nalia na sikutaka kuachia telekomande nijifute.

Muzee akaizima saa, akasema polepole, "Ni ileile. Ni gari yake ileile."

"Ni yangu ileile," nikasema.

Hapo akasema neno ambalo sikuwa nimelitarajia. "Mama, sisi tulijua. Ile chaki nyeupe kwenye amortisere, chaki ya kuandikia nguo. Namba zilikuwa maandishi ya mwanamuke. Tulijua zamani."

Kuna watu wangefurahi. Mimi damu ilinipanda kichwani. Mulijua, nikamwambia. Mulijua, na siku ya kuondoa kilio mulikuwa mlangoni, baba mkubwa akauliza nani aliona, nawe ukaangalia sahani. Walitaka kunifanya mchawi kwa mwezi mzima, nawe ulijua. Akasema yalikuwa mambo ya familia, mutu wa nje hawezi kuingilia. Akasema mume wangu mwenyewe hakutaka yasemwe. Nikamwambia mume wangu amekufa, mimi ni mzima, na aliseme sasa hivi, kwa nguvu, watu wote wasikie, akimwangalia shemeji usoni.

Alilisema. Alisema ni mimi niliyetengeneza ile gari miaka yote, na hakuna dawa, na hajawahi kuona resori zilizolingana vile. Wanaume wengine wakaitika kwa kichwa. Ilimchukua muda mfupi sana, ndiyo maana nilizidi kukasirika.

Shemeji alisikiliza yote, kisha akanyoosha mkono. "Sawa. Lakini familia ilishagawa. Gari ni yangu."

"Gari ni yako," nikasema. "Ngoja."

Nikakaa tena chini. Nikatoa resori zangu nne, nikamwaga mafuta, nikafunga vibomba vitupu. Nikampa. Ilikuwa imelala kwa tumbo mikononi mwake, magurudumu yameachia kila upande. Nikakunja gunia, nikaweka kioo kwenye kapu, nikatembea mpaka Katoyi kwa miguu, maana nilijua nikipanda pikipiki nitamgombeza dereva bure.

Alikuja baada ya wiki tatu, siku ya kazi, mchana. Nilikuwa na wateja wawili, mmoja amesimama na sketi iliyojaa pini. Shemeji aliingia na mfuko, akaweka gari mezani, juu ya kitambaa, mahali palepale kaka yake alipokuwa anaitupa.

"Mama, tengeneza," akasema.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya kaka yangu."

"Kaka yako tulimuzika, shemeji, mimi na wewe. Ya nani?"

Alikaa kwenye benchi ya wateja. Mtu yule mwenye mabega, nilimwona anakuwa mdogo. Alisema hakuitaka kwa ajili ya mashindano. Alisema aliitaka kwa sababu mikono ya kaka yake ilikuwa juu yake kila Jumapili, na nyumbani kwake hana hata picha yake moja nzuri. Alilia mbele ya wanawake wale wawili, na yule wa pini hakujua aangalie wapi.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimejaa hasira, na hasira yangu ilikuwa ya haki, lakini hilo sikuwa nimelifikiria. Nilichukua mfuko wake, nikaangalia ndani. Telekomande ilikuwemo, ile ya zamani, kishikio chake kimechakaa mahali pa kidole gumba.

"Mikono ya kaka yako ilikuwa hapa," nikamwambia, nikaiweka mapajani mwake. "Hii peleka nyumbani. Huku ndani ya gari ilikuwa mikono yangu. Hii inabaki."

"Bila telekomande utaiendesha na nini?"

"Hiyo ni shida yangu."

Aliishika ile telekomande kwa namna ambayo kaka yake alikuwa anaishika, kidole gumba palepale. Kisha akasimama na kwenda, na gari ikabaki mezani. Nikamalizia kufunga pini za mteja.

Ilinichukua miezi miwili kupata telekomande nyingine inayokubaliana na ile gari. Muzee wa saa ndiye aliyeipata, akaileta kwa heshima nyingi na kusema ni zawadi. Nilikataa zawadi yake. Nilimshonea suruali mbili, nikamwambia sasa tuko sawa kwa telekomande, kwa yale mengine bado.

Tangu hapo niko Mapendo kila Jumapili. Wanaosema mama wa watoto wawili anacheza na gari ya watoto katika nyakati kama hizi, wananisemea mbele, nami nawajibu mbele. Nyakati hizi nilizikuta zinanichukulia kila kitu, hiki sikuziruhusu. Nimeshakuwa wa nne, nimeshakuwa wa mwisho, na mwezi uliopita nilikuwa wa pili.

Siku hiyo alikuwepo kijana mgeni, mwenye gari mpya kutoka dukani ambayo ilikuwa inaruka kwenye kila mstari. Alikuja kuiangalia yangu, akachuchumaa, akaibonyeza.

"Mama," akasema, "hii nani anakutengenezeaka?"

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, na alinitangulia. "Ni yeye mwenyewe," akasema. "Na hata wakati wa kaka yangu, ni yeye."

Nilimwacha amalize. Kisha nikalirudia mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko yake.